Chuo cha theolojia kinachora ngao mpya: tuweke nini, tuache nini?

Kalamu_ya_Nyikani (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Nimeingizwa kwenye kamati ya nembo ya chuo kimoja cha theolojia hapa kanda ya kati. Jina naliweka kando, maana uamuzi haujatoka na wazee wa baraza hawapendi kukuta mambo yao mtandaoni kabla ya kikao. Wanataka ngao rasmi ya vyeti, majoho ya mahafali, muhuri na bango la getini.

Mchoro wa kwanza umeshafika mezani. Una Biblia iliyofunguliwa, msalaba, njiwa, mwenge, ramani ya Afrika, tufe la dunia, mlima, jua linachomoza, mikono imeshikana, mwaka wa kuanzishwa na maandishi ya lugha tatu. Kila mjumbe kaweka chake na hakuna aliyekubali chake kitoke.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnibomoe vizuri: ngao ya chuo iseme jambo moja. Jambo hilo litoke kwenye Maandiko, na mtu wa hapa alitambue bila kutafsiriwa. Waliotutangulia kwenye sanaa hii walijua kubana. Ngao ya Oxford ni kitabu kimoja na mataji matatu kwenye bluu, basi. Kitabu kina mihuri saba, ukifungua Ufunuo sura ya 5 unaelewa, na maneno yaliyoandikwa ndani yake ni mwanzo wa Zaburi ya 27, Bwana ni nuru yangu. Cambridge, waliopewa ngao yao mwaka 1573, wana msalaba, simba wanne na kitabu katikati. Kanisa la Scotland wana kijiti cha Kutoka 3 kinachowaka bila kuteketea, na huhitaji kingine chochote kujua kwamba hao ni watu waliopita kwenye moto wakabaki. Vyuo vya Corpus Christi, cha Oxford na cha Cambridge vyote viwili, vina ndege mwari anayejichoma kifua kuwalisha makinda damu yake. Ndege mmoja kabeba fundisho zima la Meza ya Bwana.

Kuna na la pili ambalo wengi hapa hatukulizoea: kwa wenye sanaa yao, ngao ni maneno kabla ya kuwa mchoro. Unaandika sentensi, "ngao ya bluu, juu yake kitabu cha fedha", na mchoraji yeyote akiifuata sentensi hiyo amechora ngao halali, hata mikono ya wachoraji ikitofautiana. Sentensi ikijaa aya nzima, ujue kuna tatizo.

Nipeni mawazo. Dodoma ina nini cha kuwekwa kwenye ngao ya watu wanaosomea uchungaji?

Mgeni_Kizota

Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kigoda.

FundiMihuri_Dom

Mkuu mleta uzi, mimi nakula kwa kazi hii, nakuambia kutoka mezani. Muhuri wa mpira wa kawaida wa chuo, lile duara, upana wake hauzidi kidole cha shahada. Ukishaandika jina la chuo kuzunguka, na S.L.P., na Dodoma, nafasi ya mchoro inayobaki katikati ni kama kifungo cha koti. Sasa nikuwekee Afrika, dunia na njiwa humo? Ramani inageuka doa. Njiwa wote ninaoletewa wakishagongwa kwenye karatasi wanafanana na kuku wa kienyeji aliyeshtuliwa.

Kwenye kudarizi ni vilevile. Mashine inashona kwa uzi, na uzi una unene. Mstari mwembamba wa kompyuta haupo kwenye joho. Halafu mteja ananiletea picha ya WhatsApp iliyopigwa kwenye bango, anataka itoke safi!

Kwa hiyo nakuunga mkono. Kitu kimoja, kikubwa, chenye umbo ambalo hata likiwa jeusi tupu linajulikana.

Mwl_Katekesi

Fundi amenigusia la rangi bila kujua. Wenye fani hii wana kanuni ya zamani sana: kuna metali mbili, dhahabu (njano) na fedha (nyeupe), na kuna rangi: nyekundu, bluu, nyeusi, kijani, zambarau. Metali haikai juu ya metali, na rangi haikai juu ya rangi. Si urembo. Ngao ilitakiwa isomwe kutoka mbali, kwenye vumbi, na mtu ambaye maisha yake yanategemea kujua yule anayekuja ni nani. Nyekundu juu ya bluu haisomeki. Njano juu ya bluu inasomeka hata jioni. Simama barabara ya Iringa uangalie mabango ya shule, utaona yapi unayasoma kabla hujayafikia.

Wapo waliovunja kanuni makusudi. Ufalme wa Yerusalemu wa wapiganaji wa msalaba uliweka misalaba ya dhahabu kwenye fedha, na inasemwa walitaka watu waulize. Lakini chuo chenu si Yerusalemu.

Na kuhusu muhuri usio na rangi: lilishatatuliwa zamani. Mjesuiti wa Italia, Silvester Petra Sancta, alieneza mwaka 1638 utaratibu wa kuonyesha rangi kwa mistari. Nukta ni dhahabu. Patupu ni fedha. Mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni bluu, iliyokatana ni nyeusi, ya mshazari ni kijani au zambarau kutegemea inaelekea wapi. Ukitoa fotokopi ya cheti, anayejua bado anazisoma rangi.

FundiMihuri_Dom

Hiyo mistari kwenye cheti sawa, kwenye muhuri wino utaziba. Muhuri acha pajae weusi na umbo libaki jeupe. Endeleeni.

BintiHombolo

Jamani, mbona mnazunguka? Zabibu! Ni mkoa gani mwingine unaotajwa zabibu nchi hii? Toka Bihawana kwa wamisionari, hadi Makutupora, Mpunguzi, Mvumi, na kwetu Hombolo. Na Maandiko yamejaa: "Mimi ni mzabibu, ninyi ni matawi", Yohana 15. Wale wapelelezi wa Hesabu 13 waliobeba kishada kimoja kwa mti, watu wawili, kutoka bonde la Eshkoli. Shamba la Isaya 5. Mwanafunzi wa uchungaji anayetoka hapa ameona mzabibu ukikatwa matawi, ameona tawi lililokatwa linavyonyauka kwenye jua la Oktoba. Yohana 15:6 hahitaji kuhadithiwa.

Na kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mhubiri yeyote ashindwe mwenyewe.

Mzee_wa_Usharika

Binti yangu, umesema vizuri, lakini zabibu ya Dodoma watu wanaijua kwa chupa. Chuo kinachofundisha wachungaji kisimame getini na kishada cha zabibu? Mtu akishuka stendi kutoka Mwanza atadhani ni kiwanda cha mvinyo. Kanisa letu lina msimamo kuhusu kilevi, na wazazi wanaoleta vijana wana masikio.

BintiHombolo

Shikamoo mzee. Kwa heshima, Bwana mwenyewe hakuona aibu ya kujiita mzabibu kwa sababu ya walevi wa Yerusalemu. Tukifuta kila mmea ambao mtu kautengenezea pombe, mtama hauponi, uwele hauponi, na hata asali ya Manyoni haiponi.

Mzee_wa_Usharika

Marahaba. Hoja yako nimeipokea. Lakini nembo haipati nafasi ya kujitetea kama wewe unavyojitetea. Anayepita getini hasimami asomewe Yohana 15.

Kalamu_ya_Nyikani

Mzee kagusa palipo na uzito kuliko pombe yenyewe. Nembo haisindikizwi na mhubiri. Nakubali zabibu ni nzuri kwa maana, na kwa umbo pia (kishada na jani moja, Fundi anashona akisinzia), ila kwa kamati yangu itakula vikao mpaka mvua za mwakani. Naiweka kwenye orodha, sijaifuta.

Mbuyu msiniletee. Umeshapendekezwa kamatini na ukakataliwa palepale, mjumbe mmoja akatukumbusha nini hufanyika chini ya mibuyu kwao ukame ukizidi.

Padri_si_mimi

Mimi ni Mkatoliki, naongeza kidogo tu. Msichanganye ngao ya chuo na ngao ya askofu. Kwetu ngao ya askofu hufunikwa kofia pana yenye vishada pembeni, na idadi ya vishada ndiyo cheo: askofu sita kila upande, askofu mkuu kumi, vya kijani, kardinali kumi na tano vyekundu. Dodoma ilipopandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 2014, na Singida na Kondoa kuwa chini yake, ngao ya askofu wake nayo ikaingia daraja la vishada kumi na msalaba wa mikono miwili. Yote hayo ni ya mtu na ofisi yake. Kwa hiyo nikiona chuo kimechora kofia ya askofu juu ya ngao, huwa nauliza: mkuu wa chuo kawekwa wakfu lini?

Kalamu_ya_Nyikani

Haha. Mchoro wetu wa kwanza nilisahau kutaja, una fimbo ya askofu pia.

Wakili_Nusu

Mwenge huo mliouweka, angalieni usifanane na ule wa kwenye ngao ya Taifa. Nembo za Taifa zina sheria yake, na kuzitumia au kutumia kitu kinachofanana nazo kwenye shughuli zenu bila ruhusa ni kujitafutia barua. Mkishamaliza, nembo yenu mnaweza kuipeleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kusajiliwa kama alama ya huduma, ili asije mtu akafungua chuo cha mtandaoni kwa ngao yenu.

Ila kuna kitu cha kuiga kutoka kwenye nembo ya Taifa: umbo la ngao yenyewe. Tanzania, Kenya na Uganda zote zilikataa ile ngao ya Kizungu yenye kichwa bapa na ncha chini, zikachukua ya kwetu, ndefu, iliyochongoka juu na chini. Sheria ya rangi za Ulaya mnaweza kuifuata, umbo si lazima.

Mtemi_Mstaafu

Vijana, nimesoma uzi huu tangu juu nashangaa. Mko Ugogo, mnatafuta alama, mmetaja zabibu iliyoletwa juzi na wamisionari, hamjataja NG'OMBE? Ngao mnayoizungumzia ilitengenezwa kwa ngozi ya nani? Mtu wa hapa anaoa kwa nani? Anapatana na jirani kwa nani? Akifa, msibani anachinjwa nani?

Na kanisani yumo. Wale viumbe wanne wa Ezekieli na wa Ufunuo 4: simba, ng'ombe, mwenye uso wa mwanadamu, na tai. Mababa wa Kanisa, wale walimu wake wa karne za mwanzo, waliwagawa kwa waandishi wanne wa Injili. Ng'ombe ni Luka. Nimemaliza.

Mwl_Katekesi

Mzee Mtemi, shikamoo, umenifanya nisimame kwenye kiti. Niongeze kitu ambacho wengi hawakijui. Ugawaji ule haukuwa mmoja tangu mwanzo. Ireneo, karne ya pili, alimpa Yohana simba na Marko tai. Augustino alimpa Mathayo simba na Marko mwanadamu. Yeronimo ndiye aliyepanga kama tunavyowaona leo kwenye madirisha ya makanisa: Mathayo mtu, Marko simba, Yohana tai. Wainjilisti wote wanne wanabadilishana viti isipokuwa mmoja. Luka ni ng'ombe kwa Ireneo, kwa Augustino na kwa Yeronimo.

Sababu ni kwamba Injili yake inafunguka hekaluni: kuhani Zakaria anafukiza uvumba, na ng'ombe ni mnyama wa sadaka. Huchorwa na mabawa, mara nyingi ameshika kitabu. Kitabu mnacho, fundisho mnalo, mnyama yuko nje ya geti anakula mabua.

Nesi_Mackay

Swali la mjinga: Luka si tabibu? Ng'ombe wa Luka si ataonekana wa chuo cha uuguzi?

Kalamu_ya_Nyikani

Si la mjinga, hata kamatini litaulizwa. Lakini Luka ana vitabu viwili, na cha pili, Matendo, ndicho habari ya kwanza ya Injili kutoka Yerusalemu kwenda kwa watu wengine, pamoja na watu wa bara hili. Mtu wa Kushi yuko garini kwake anasoma Isaya, Filipo anamkimbilia.

Mzee_wa_Usharika

Hapo ndipo wengi huteleza. Filipo ni wawili. Yupo mtume, mmoja wa wale kumi na wawili, yule wa Yohana 6 aliyesema mikate ya dinari mia mbili haitoshi. Ndiyo maana wachoraji humpa msalaba na mikate. Na yupo mwinjilisti, mmoja wa wale saba wa Matendo 6, waliochaguliwa kuhudumia meza. Aliyepanda gari la Mkushi ni wa pili. Chuo chochote chenye jina la Filipo, kama cha Mtakatifu Filipo kule Kongwa, kikitaka kuchora, kina mikate kwa mmoja na gari kwa mwingine.

Kalamu_ya_Nyikani

Asante mzee. Na sasa nimepata kilichokuwa kinanisumbua: maandishi ya chini. Kamati ilitaka "Elimu, Imani, Huduma", maneno ambayo yako kwenye nusu ya shule za nchi hii. Angalieni swali la Filipo mwinjilisti kwa yule mtu garini, Matendo 8:30: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Na jibu lake: nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza? Hiyo ndiyo kazi ya chuo cha theolojia, yote. Mwenye kuandika maneno hayo ni Luka, ambaye ng'ombe ni wake. Mnyama na maneno vinatoka kwenye kalamu moja, na sikulazimisha.

Wakili_Nusu

Maandishi ya nembo kuwa swali? Wataona kama mtihani.

Mwl_Katekesi

Na kiwe mtihani! Kila siku mkuu wa chuo apite getini aulizwe.

Mzee_wa_Usharika

Mimi naunga mkono ng'ombe. Naunga mkono na swali. Ila aandikwe Biblia ile tunayoisoma kanisani, msibadilishe neno.

BintiHombolo

Nimeshindwa na ng'ombe, basi. Zabibu zangu ziwekeni kwenye pindo la joho.

Kalamu_ya_Nyikani

Haya, nimeandika sentensi ya kupeleka kwenye baraza. Ipigeni mawe:

"Ngao ya Kiafrika nyekundu, juu yake ng'ombe mwenye mabawa wa dhahabu, mwenye nundu, ameinua mguu wa mbele juu ya kitabu cha fedha kilichofunguliwa." Chini, kwenye utepe: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?"

Dhahabu juu ya nyekundu, kanuni imetimia. Fedha juu ya nyekundu, nayo sawa, na mguu wa dhahabu unagusa kitabu cha fedha kidogo tu, kwa hiyo Mwl_Katekesi asinilete mahakamani. Nyekundu ni udongo wa hapa na ni damu ya sadaka, kila mmoja achukue anayoitaka. Msalaba nimeuacha nje ya ngao, najua nitaulizwa. Jibu langu ni kwamba ng'ombe wa sadaka na kitabu vimeshausema. Wakikataa kabisa, utaingia mdogo kwenye jalada la kitabu, si zaidi. Mwaka, ramani, dunia, mikono, fimbo, vyote nje.

Mtemi_Mstaafu

Hapo kwenye nundu nimekusikia. Simamia hapohapo. Mchoraji wa Dar asije akatuletea frizian wa maziwa, mabakamabaka, mgongo bapa. Awe na nundu, pembe fupi, na shingo iwe na ngozi inayoning'inia. Akishindwa aende Mpwapwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo awaangalie.

Nesi_Mackay

Mabawa yatokee wapi sasa, mbele ya nundu au nyuma?

Mtemi_Mstaafu

Nyuma. Mbele atashindwa kuinama kula.

FundiMihuri_Dom

Nimeupenda huu. Nundu, mabawa na kitabu, hata ukiijaza nyeusi utamjua ni nani. Ila nyoya za mabawa ziwe tano kila upande, zisizidi, nene, la sivyo zitaungana kwenye uzi. Kitabu kisiandikwe herufi ndani, weka mistari miwili miwili tu. Na maandishi ya utepe yasiingie kwenye muhuri, ni marefu, yabaki kwenye cheti na bango.

Nataka faili lenyewe kwenye flashi, si picha. Na nijulishe kitu kimoja kabla sijaanza kupanga: kwenye joho, kifua cha kushoto, huyu ng'ombe anaangalia wapi?

Kalamu_ya_Nyikani

Mnyama wa kwenye ngao huangalia kulia kwa aliyeishika ngao, yaani kushoto kwako wewe unayemtazama. Kwenye joho, kifua cha kushoto, atakuwa anaelekea kwenye vifungo. Usimgeuze hata mteja akikubembeleza kwamba upande ule mwingine unapendeza zaidi. Kikao ni Alhamisi, nikitoka nitaleta matokeo hapahapa.